Hivi raia wa kawaida anajuaje kwamba sasa hii ni vita? Naongelea Sudan

FundiSimu_Msimbazi

Wakuu heshima zenu. Nna swali linanikereketa tangu wiki iliyopita, naombeni mnijibu kwa utulivu.

Mi nna fremu ya kutengeneza simu Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi. Pembeni yangu kuna bwana mmoja Msudani anauza udi na yale manukato mazito ya kwao, kaja Dar mwaka juzi. Mtu mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini tunaelewana, ikifika saa kumi jioni yule muuza kahawa akipita na birika lake tunakaa kwenye viti vya plastiki tunapiga stori. Sasa juzi nikamuuliza hivi wewe ilikuwaje ukaondoka kwenu, akanambia kwao Omdurman, ng'ambo ya mto kutoka Khartoum, vita ilianza Jumamosi tarehe 15 Aprili 2023 na Jumatano yake, siku tatu kabla, alikuwa amelipia friji jipya la milango miwili.

Friji wakuu. Anasema hata ile nailoni ya mlangoni walikuwa hawajaibandua.

Nikanyamaza ila kichwani ikabaki. Huyu ni mtu wa biashara, anasikiliza redio, anaishi mjini kabisa sio porini, inakuwaje hajui? Maana mimi nikifungua simu naona jinsi El Fasher, ule mji wa Darfur, ilivyoanguka Oktoba 2025, watu wanatembea kwa miguu na vichanga, naona kama hii kitu ilikuwa inaonekana toka mbali. Au haionekani? Au inaonekana ila watu wanajifanya hawaoni? Aliyekuwepo au anayewajua wale jamaa aniambie inaanzaje anzaje, na mtu kama mimi mwenye fremu ya kupanga na watoto wawili angejuaje.

Tuongelee Sudan tafadhali. Mkichomekea ya nyumbani uzi utafungwa kabla sijapata jibu langu.

Kipara_wa_Temeke

Mkuu kuna watu wananunua kochi jipya mwezi huohuo wanaopeana talaka, friji sio ushahidi wa kitu 😂 Mi naweka kambi hapa nasubiri wajuzi.

Nilirudi_MikonoMitupu

Nimeipita hii thread mara mbili nikasema siandiki. Haya.

Mi nilikuwepo. Nilikuwa Khartoum mwaka wa tatu nasoma udaktari, na Watanzania tulikuwa wengi tu pale, wa bara na wa Zanzibar. Ilikuwa Ramadhani kumi la mwisho, tumekula daku, tumeswali alfajiri, tumelala. Kama saa tatu asubuhi nikasikia mlio nikajua ni transfoma, kwa kweli nilijua transfoma kwa sababu umeme wa kule ulikuwa unasumbua, nikageuka upande wa pili. Mwenzangu ndo aliyeniamsha akasema hiyo transfoma gani inapiga mara kumi na tano. Tukapanda juu ya paa, moshi upande wa airport, tukawa tunapiga picha kama wajinga, mpaka kitu kikapita juu na sauti yake ndo nikaelewa kwamba sasa paa sio mahali pa kukaa.

Unauliza kama tulijua. Sikia mkuu, Alhamisi ile, siku mbili kabla, jeshi lilitoa tangazo hadharani kabisa kwamba RSF (hao ndo wale wanamgambo wa kamanda Hemedti) wanasogeza askari mijini bila idhini, walikuwa wameshajisogeza mpaka Merowe karibu na uwanja wa ndege wa kijeshi. Tangazo lilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Mi nililisoma nikiwa kwenye foleni ya tende. Nikanunua tende nikarudi.

Na sio kwamba tulikuwa mazuzu. Tangu mapinduzi ya Oktoba 2021 kila wiki kulikuwa na kitu, leo maandamano, kesho wamefunga madaraja kwa makontena huwezi kuvuka Nile kwenda upande wa pili, keshokutwa intaneti imekatwa, magari yenye bunduki kubwa juu yamejipanga barabarani wiki nzima halafu yanaondoka na maisha yanaendelea na mtihani unafanya. Ishara zilikuwepo ila zilikuwa nyingi mno na kwa muda mrefu mno, ile ya mwisho ilifanana kabisa na zile nyingine mia. Ukitaka jibu langu ndo hilo. Siku ya vita asubuhi ilikuwa siku ya kawaida.

Baada ya hapo ni maji. Watu wanadhani vita ni risasi, sisi kilichotuendesha ni maji. Umeme ukikatika pampu haifanyi kazi, matanki yakaisha siku ya tatu, tukawa tunafunga saumu kweli na tunafuturu kwa maji ya kugawana vikombe. Iddi tuliswalia koridoni, imamu anasoma fupi fupi. Baadaye ubalozi wetu ukapanga mabasi, tukatoka kwa barabara kuelekea Gedaref mpaka mpaka wa Ethiopia pale Metema, ndege ya ATCL ikatufuata Ethiopia. Vizuizini walikuwa wanapanda vijana wadogo, wengine nadhani hawajafika hata miaka kumi na minane, bunduki inamzidi, anakuomba maji ya kunywa kwa adabu kabisa na mwingine nyuma yake anakusachi simu.

Tulivyotua Dar kulikuwa na makamera, tukapokelewa vizuri. Wasudani niliosoma nao hawakuwa na ndege ya kuwafuata. Mmoja alikimbilia Wad Madani kwa shangazi yake, na Wad Madani nayo ikaja kuvamiwa Desemba 2023, akakimbia tena. Yaani wale watu walikimbia vita mara mbili mara tatu, kila wanapofika vinawakuta.

Mimi naendesha bajaji Mbagala. Vyuo nilivyoenda vinataka transkripti yenye muhuri na muhuri uko kwenye ofisi ambayo sijui hata kama ina paa. Kimoja kiliniambia nianze mwaka wa kwanza. Basi.

Kipara_wa_Temeke

Pole sana kaka. Dah.

Babu_wa_Upanga

Vijana hamjambo. Nimestaafu nna muda, niruhusuni niandike kirefu.

Fundi, umeuliza vizuri ila unatafuta siku, na vita ile haina siku. Mwenye friji hakuwa na kosa. Waliokuwa na kosa ni wengine na walifanya kosa lao miaka mingi nyuma mchana kweupe, wakalipitisha hadi bungeni.

Omar al-Bashir alichukua nchi kwa mapinduzi Juni 1989. Mtu aliyeingia kwa bunduki huwa hana usingizi, anajua mlango ulivyofunguka kwake unaweza kufunguka kwa mwingine. Mwaka 2003 watu wa Darfur, kule magharibi mwa nchi, wakanyanyua silaha wakilalamika wametupwa, hawana shule hawana barabara. Bashir badala ya kutegemea jeshi lake akawapa silaha na farasi na ngamia wanamgambo wa makabila ya wafugaji wa Kiarabu, wale waliokuja kuitwa Janjaweed, na akawaachia wafanye watakavyo. Vijiji vilichomwa, Umoja wa Mataifa ulikadiria waliokufa kwa mapigano, njaa na maradhi ni kama 300,000. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikatoa hati ya kumkamata 2009. Hakukamatwa, alisafiri zake.

Sasa hapa ndo penyewe. Mwaka 2013 wanamgambo walewale wakavalishwa sare wakapewa jina zuri, Rapid Support Forces. Mwaka 2017 bunge likapitisha sheria ya kuwatambua. Mwaka huohuo mkuu wao, Mohamed Hamdan Dagalo, huyo Hemedti, akashika machimbo ya dhahabu ya Jebel Amer. Akawa na askari wake, dhahabu yake, na hela ya kupeleka vijana kupigana Yemen kwa ajili ya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Ninyi fikirieni, mtu ana nyumba Mbezi hamwamini mlinzi wake wa zamani, anaajiri mlinzi wa pili amchunge wa kwanza, wa pili anapewa silaha na funguo na anaruhusiwa kujitafutia hela nje. Siku mwenye nyumba akiondoka wanabaki walinzi wawili na wote wana funguo, na watoto wa nyumba wamelala ndani.

Na mwenye nyumba aliondoka kweli. Sudan Kusini ilivyojitenga Julai 2011 iliondoka na karibu robo tatu ya mafuta, uchumi ukayumba, mkate ukapanda bei, Desemba 2018 watu wa Atbara wakaingia barabarani, mji wa reli ule, wafanyakazi wa reli wa kule wana historia ya ukorofi tangu enzi za Mwingereza. Kufika tarehe 11 Aprili 2019 jeshi likamtoa Bashir. Vijana walikuwa wamekaa mbele ya makao makuu ya jeshi kwa majuma, wanaimba, wanapika, wanachora kutani, wanadai serikali ya kiraia. Tarehe 3 Juni 2019, mkesha wa Iddi, wakavamiwa pale walipolala, zaidi ya mia waliuawa na miili mingine ikatupwa Nile. Mi siku ile ndo niliona mwisho wake. Kwa sababu walioua walibaki mezani. Abdalla Hamdok akawekwa kuwa waziri mkuu, mchumi, mtu mzuri, lakini alikaa kati ya Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi, na Hemedti wa RSF kama mgeni aliyealikwa arusini kwa makosa. Oktoba 2021 wakamtoa wote wawili kwa pamoja.

Wezi walipobaki wenyewe ndo wakagombana. Makubaliano ya Desemba 2022 yalisema RSF iingizwe ndani ya jeshi. Jeshi likataka ifanyike kwa miaka miwili, Hemedti akataka miaka kumi. Hapo ndipo palipokatikia. Watu milioni karibu hamsini wameingizwa kwenye moto kwa ajili ya nani awe chini ya nani na lini.

Chuma_cha_Reli

Mzee shikamoo, umeeleza vizuri ila mi naona mnazunguka tu, hayo ni mambo ya Waarabu na dini. Wale toka zamani hawapatani.

Nilirudi_MikonoMitupu

Kaka nani na nani dini gani? Burhan Muislamu, Hemedti Muislamu, risasi ya kwanza imepigwa Ramadhani na pande zote wamefunga. Mi niliwasikia kwa masikio yangu wote wanapiga takbira. Acha hiyo.

Babu_wa_Upanga

Marahaba Chuma. Ngoja nikusaidie kidogo maana una robo ya ukweli ila umeishika vibaya. Huko Khartoum ilikuwa ni jeshi na jeshi. Ila Darfur magharibi ikageuka kabila. Mji wa El Geneina, 2023, RSF na wanamgambo wa Kiarabu waliokuwa nao waliwawinda Wamasalit, watu weusi Waislamu kama wao, mtaa kwa mtaa. Gavana wao Khamis Abakar alilalamika kwenye televisheni kwamba watu wake wanauawa, siku hiyohiyo ya Juni akakamatwa akauawa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria waliouawa mji ule mmoja kati ya 10,000 na 15,000. Walikimbilia Adré, Chad, na njiani walikuwa wanapigwa risasi. Wanawake walifanyiwa mambo sitayaandika humu. Kwa hiyo dini haikuwa sababu, ila kabila lilitumika kama panga. Na lile panga lilinolewa 2003, nimeshasema.

Jeshi nalo lisitoke hapa likiwa limevaa kanzu nyeupe. Ndege zake zimepiga masoko yenye watu siku ya soko. Na hao wa Falme za Kiarabu wanatuhumiwa kuwapelekea RSF silaha, wenyewe wanakana. Dhahabu ya Sudan nyingi inaishia sokoni Dubai, hilo halina ubishi mkubwa.

Chuma_cha_Reli

Sawa mzee nimekuelewa. Hapo kwenye dhahabu ndo umenigusa.

Da_Bintiye_Ngara

Habari zenu. Mi sijawahi kufika Sudan ila swali la kaka fundi nalijua kwa upande wa pili, upande wa wanaopokelewa.

Mi nimezaliwa Ngara. Aprili 1994 nilikuwa darasa la nne. Tarehe 28 mwezi ule watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na ndani ya siku moja, yaani saa 24, wakavuka kama laki mbili na nusu. Andika hiyo namba uiangalie. Sisi wilaya nzima hatukuwa wengi hivyo. Mto Kagera ulikuwa unaleta maiti, mama alitukataza kula samaki na mpaka leo nikiona samaki wa mtoni naangalia pembeni.

Kujua ni hivi. Angalia mizigo. Wale waliokuja wiki za mwanzo mwanzo walikuja na magari, na magodoro, na cherehani, wengine na vyeti kwenye mabegi. Hao walijua, au walikuwa na hela ya kujua. Maana kujua peke yake hakusaidii kama huna nauli. Waliofuata walikuja na sufuria na mkeka. Waliokuja mwisho walikuja na kitu kisichoeleweka, nakumbuka mama mmoja kabeba pasi ya mkaa tu kichwani, hana mtoto hana nguo, pasi. Mtu akikimbia ghafla anashika kilicho karibu na mkono.

Pale Benaco (ni jina la kampuni ya barabara iliyokuwa na kambi yake) ukawa mji ghafla. Miti yote kwa maili kadhaa ikaisha kwa kuni. Mwanzoni tuliwapa chakula, baadaye ikawa migogoro, mihogo inaibwa shambani, bei ya kila kitu ikapanda, ila hapohapo wengine wa kwetu walipata kazi kwenye mashirika wakajenga nyumba za bati. Siwezi kusema tulikuwa malaika. Na baadaye tukaja kuambiwa humohumo kwenye foleni ya unga walikuwemo waliochinja wenzao, wamechanganyika na kina mama na watoto, na sisi tulimpa yeyote aliyefika maji bila kuuliza. Bado sijui tungefanyaje tofauti.

Kwa hiyo nikisoma hapo babu anataja Adré nawaonea huruma na wenyeji wa Adré pia. Mji mdogo, jangwa, wakimbizi wamewazidi wenyeji mara kadhaa. Hao hakuna anayewahoji.

Mhasibu_Mbezi

Asanteni kwa uzi. Swali la kihasibu: wamekufa wangapi mpaka sasa? Maana kila ninaposoma naona namba tofauti, mara elfu ishirini mara laki na nusu. Hii haiwezi kuwa sawa.

Babu_wa_Upanga

Ni kwa sababu hakuna anayehesabu, mwanangu. Hospitali ndo huwa zinahesabu na nyingi kwenye maeneo ya vita zimefungwa. Namba ndogo ni za vifo vilivyoripotiwa tu. Tom Perriello aliyekuwa mjumbe maalumu wa Marekani alisema 2024 kwamba huenda wamefika 150,000. Wataalamu wa chuo cha afya cha London walifanya hesabu ya jimbo la Khartoum peke yake kwa miezi 14 ya kwanza, wakapata vifo zaidi ya 61,000 vya kila sababu, na katika hivyo vya moja kwa moja kwa risasi na mabomu ni kama 26,000.

Sasa wewe mhasibu toa hiyo. Zaidi ya nusu hawakuguswa na risasi. Ni mgonjwa wa figo ambaye mashine ya kusafisha damu imezimika kwa kukosa mafuta. Mwenye kisukari ambaye insulini imeharibika. Mama aliyejifungulia njiani. Kipindupindu. Waliohama makazi ni zaidi ya milioni 12, katika hao wapatao milioni nne wamevuka mipaka. Na njaa, ambayo naona haijaongelewa humu. Jimbo la Gezira ndo shamba la nchi, mradi wa umwagiliaji uliofunguliwa na Waingereza 1925 kwa pamba, mifereji kila upande. RSF walivyoichukua Wad Madani, mji mkuu wa jimbo hilo, wakulima wakakimbia, mbegu zikaliwa, matrekta yakaibwa. Agosti 2024 njaa kamili ikatangazwa kambi ya Zamzam, nje ya El Fasher.

El Fasher yenyewe ilizingirwa na RSF tangu Mei 2024, mwaka na nusu hivi. Walikuwa wanakula *ambaz*. Hiyo ni mashudu, jamani, mashudu ya karanga tunayowapa ng'ombe. Mwishoni hata mashudu yakawa yanauzwa kwa bei ya kuruka. Mji ukaanguka tarehe 26 Oktoba 2025, na Shirika la Afya Duniani likasema katika hospitali ya uzazi ya mji ule wameuawa watu zaidi ya 460, wagonjwa na waliowasindikiza.

Nimechoka kidogo. Naenda kuswali.

Nilirudi_MikonoMitupu

Babu nikuongezee kimoja kabla watu hawajadhani kule wote ni wenye bunduki. Wale vijana waliokuwa wanaandamana 2019, wale wa kamati za mitaa, ndo haohao walikuja kuanzisha vyumba vya dharura kila mtaa, na majiko ya pamoja wanayaita *takaya*. Sufuria moja kubwa, dengu au maharage, mtaa mzima unakula mara moja kwa siku. Mashirika makubwa yakiwa yameondoka, wao wamebaki. Wengi wameuawa au wamekamatwa, na pande zote mbili, kila upande unasema wanawalisha wa upande wa pili. Nna rafiki yangu alikuwa anakesha kusomea anatomia na mimi, sasa hivi anapika dengu Omdurman, ananiambia amekuwa bingwa wa kukadiria chumvi ya watu mia nne.

Hela zinawafikia kwa Bankak, ni kama mobile banking ya kule, ndugu walioko nje wanatuma. Mtandao ukikatwa, kama ulivyokatwa karibu nchi nzima Februari 2024, hakuna hela na hakuna dengu siku hiyo. Nani aliwahi kufikiria mnara wa simu ukizimwa watu wanalala njaa.

FundiSimu_Msimbazi

Wakuu nimerudi. Nimesoma yote, nyingine nimesoma mara mbili. Leo jioni nikamtafsiria jirani yangu baadhi ya mliyoandika, hiyo ya mwanafunzi na tende alicheka sana, akasema nayeye Alhamisi ile alilisikia tangazo.

Nikamuuliza sasa si ulijua? Akasema ndio nilijua. Tulijua wote. Akanyamaza akamaliza kahawa. Alafu akanambia, ukishajua unafanya nini? Duka liko pale, mama yake mzee ana presha, watoto wako shule, ukihama kwa kila tangazo utahama mara ishirini kwa mwaka na utafilisika bila vita. Na ilikuwa Ramadhani joto kali watoto wanataka maji ya baridi, friji la zamani limekufa. Akanunua friji. Dada wa Ngara, ile yako ya nauli nilimwambia, akatikisa kichwa hivi kwa muda mrefu. Walioondoka siku za kwanza kwenda Port Sudan na Misri anasema ni wenye magari, na nauli ya basi ilipanda kila asubuhi. Yeye alikaa wiki saba kwa sababu ya mama yake. Mama alifariki wiki ya sita, dawa ziliisha. Wakamzika uani kwa sababu makaburini hakufikiki. Hakuniambia kwa huzuni, aliniambia kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stendi.

Khartoum ilivyorudi mikononi mwa jeshi 2025 mdogo wake alienda kuangalia nyumba. Milango hamna, madirisha hamna, hata nyaya za umeme zimechimbuliwa ndani ya ukuta ili wauze shaba. Na kuna kitu sikukijua, vitu vilivyoporwa vilikuwa na masoko yake kabisa, watu wakayaita soko la Dagalo, jina la ukoo la Hemedti, makochi, magodoro, televisheni. Jirani yangu kuna picha aliiona Facebook, mafriji yamepangwa mstari juani. Anasema aliivuta ile picha mpaka ikawa miraba miraba, anatafuta lenye nailoni mlangoni.

Risiti bado anayo. Muamala wa Bankak, tarehe 12 Aprili 2023. Kanionyesha.

Kipara_wa_Temeke

Mkuu ule utani wangu wa kochi nimejaribu kuufuta mfumo unakataa. Mfikishie samahani yangu.

Halafu mke wangu ni mtu wa udi sana. Nikija Jumamosi namkuta?

FundiSimu_Msimbazi

Unamkuta. Njoo kabla ya saa kumi kuna kahawa. Ila usimuulize habari ya friji, muulize bei ya udi, hapo atakuchosha mwenyewe kwa kuongea.